Biskuti Zilizolala

Tangu Jumapili kuna maneno ya wifi yangu ambayo yamekataa kunitoka kichwani, na nimeona ni heri niyaandike hapa kuliko kuendelea kuyajibu peke yangu ninapoosha vyombo. Juma hili lilikuwa na mambo makubwa zaidi, kwani barua ya uhamisho wa mume wangu hatimaye imefika, na mama amefunguliwa bandeji ya jicho na anaona vizuri, Mungu ashukuriwe. Hata hivyo, kila ninapopata nafasi ya kutulia, akili yangu haiendi kwenye uhamisho wala kwenye jicho la mama. Inarudi kwenye lile bakuli la kioo lililokuwa katikati ya meza ya mahafali ya mpwa wetu.

Mnajua kwamba katika ukoo huu vitindamlo vya sherehe nimeachiwa mimi, na mnajua pia kwamba ni kazi ninayoipenda kwa dhati. Kwa mahafali nilitengeneza kile cha matabaka: chini kabisa biskuti za chokoleti zilizopondwa na kuchanganywa na siagi, juu yake krimu yenye jibini laini, kisha pudingi ya chokoleti, biskuti tena, pudingi tena, na mwisho krimu nyeupe iliyopigwa hadi ikasimama. Nilikipanga Jumamosi jioni nikakilaza ndani ya jokofu. Wifi alichota kijiko cha kwanza, akatafuna polepole, akaniuliza, "Wifi, mbona biskuti zimelala? Umekitengeneza lini hiki?" Nikamjibu kuwa nilikitengeneza jana yake jioni. Akakilaza kijiko pembeni mwa sahani, akasema kwa sauti iliyosikika upande wote ule wa meza, "Yaani wageni unawapa kiporo?" Nikamwambia, "Nimekilaza makusudi, wifi." Naye akasema, "Makusudi ya kujipunguzia kazi." Hapo mtu akaomba maji, mazungumzo yakahamia kwingine, na sidhani kama kuna mwingine anayeyakumbuka.

Kuambiwa nimetoa kiporo ningevumilia, kwa sababu kila mtu ana namna yake ya kutazama chakula cha jana. Kilichonichoma ni hilo la kujipunguzia kazi. Limekuwa likinijia barabarani, kazini, hata katikati ya kikao cha Jumanne ambapo nilipaswa kuandika kumbukumbu, na kila linapokuja nina jibu jipya la kumpa, refu kuliko lililotangulia. Acha nilitoe lote hapa.

Pudingi yenyewe haina njia ya mkato. Kwa nusu lita ya maziwa ninatumia takriban gramu 30 za wanga wa mahindi, gramu 40 za kakao, gramu 100 za sukari, viini vitatu vya mayai na chumvi kidogo, kwa kuwa chokoleti isiyo na chumvi hupooza mdomoni. Wanga ni lazima uvurugwe kwanza katika maziwa baridi, kwa sababu ukiumwaga ndani ya maziwa ya moto, chembe za nje huvimba mara moja na kuufungia ndani unga mkavu, na madonge ya namna hiyo hayalainiki tena hata ukoroge kwa nguvu gani. Baada ya hapo mwiko hautoki sufuriani, nao sharti ufike kwenye pembe za chini, mahali ambapo maziwa huanza kushika kabla mpishi hajasikia harufu yoyote.

Kisha inafika dakika ambayo wengi huepua mapema. Mchanganyiko unaanza kuwa mzito, unang'aa, unashika mwiko, na macho yanasema umeiva. Bado. Ndani ya viini vya mayai kuna kimeng'enya cha amilesi, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja wanga, na pudingi isipochemka sawasawa kimeng'enya hicho hubaki hai na kuendelea kula uzito wake polepole, hata pudingi iliyolala ikiwa imesimama vizuri huamka ikiwa majimaji. Ndiyo maana ninaiacha itoe mapovu mazito kwa dakika moja au mbili huku nikikoroga bila kupumzika, mkono ukiwa unauma, ndipo naitia siagi na vanila. Anayetaka kujipunguzia kazi angeepua mapema na kuipakua siku hiyo hiyo, na hakuna mgeni ambaye angegundua. Kitindamlo cha kulazwa ndicho kisichovumilia uvivu, kwa sababu kila kilichofanywa kwa haraka jioni huonekana asubuhi kupitia kioo cha bakuli.

Hata kakao nilikuwa nimeichagua kwa kufikiria bakuli hilo. Familia ya van Houten ya Uholanzi ndiyo iliyopata hataza ya kukamua siagi ya kakao kwa shinikizo mwaka 1828, na Coenraad van Houten ndiye anayehusishwa na utaratibu wa kuitibu kakao kwa alkali ili ukali wake upungue na ichanganyike na maji kwa urahisi zaidi. Kakao ya namna hiyo huwa na rangi ya giza iliyokolea na ladha ya upole, nami huipendelea kwa pudingi ya sherehe kwa sababu tabaka lake hujitenga waziwazi na krimu, kiasi kwamba mtu aliyekaa mbali na meza anaweza kuyaona matabaka yote.

Na kulala kwenyewe kuna sababu yake. Pudingi ya moto haimwagwi juu ya biskuti, kwani huyeyusha siagi iliyozishika na kuzigeuza uji, tena huiyeyusha krimu iliyo chini yake. Inafunikwa kwa plastiki inayogusa uso wake, ili isifanye utando, na inaachwa ipoe kabisa. Krimu ya kupigwa nayo inataka baridi, pamoja na mafuta yasiyopungua asilimia 30 hivi, la sivyo haisimami. Na ikipigwa kupita kiasi inakatika na kuanza kuwa siagi, kwa hiyo mashine huwa naizima mapema na kumalizia kwa mkono. Matabaka yanapokuwa tayari, maji yaliyomo ndani ya pudingi na krimu huanza kuhamia kwenye biskuti, ambazo ni kavu. Katika saa ya kwanza kijiko hukutana na biskuti ngumu zinazokwaruza, na pudingi inayoteleza pembeni. Baada ya usiku mzima biskuti zimekunywa kiasi chake na zimekuwa laini kama keki, nazo zimeipa krimu iliyo karibu nazo ladha ya chokoleti ambayo mimi sikuitia. Wapishi wa Marekani walilijua hili tangu majokofu yalipoanza kuenea majumbani humo katika miaka ya 1920, kwani keki zao za jokofu hazikuwa na kitu zaidi ya biskuti nyembamba na krimu, zikasahauliwa ndani kwa usiku mmoja hadi kisu kikapita bila kuhisi mpaka.

Hayo yote ningemwambia wifi. Ningeyasema kwa utulivu, nikiwa nimesimama, mbele ya watu wale wale.

Jumatano usiku niliona niyajaribu maneno yangu mwenyewe, nikapanga glasi mbili za biskuti na pudingi, moja ikiwa imelala tangu jana yake na nyingine nikiipanga saa ile ile, nikamwita kitinda mimba wangu aonje bila kumwambia ipi ni ipi. Alimaliza ile mpya, akaisukuma pembeni ile iliyolala, akasema, "Hii haina mlio, mama." Nilimuuliza mara ya pili, akarudia kwamba anapenda kuzisikia zikivunjika. Niliosha glasi zile nikiwa nimenyong'onyea, kwa sababu katika majibu yote niliyomtungia wifi sikuwa nimelifikiria la mlio hata kidogo.

Ni hapo ndipo nilipolikumbuka jambo ambalo wifi alinisimulia zamani, nikiwa bado bibi harusi katika nyumba hii, siku tulipobaki wawili jikoni baada ya msiba. Aliniambia kwamba alipokuwa mdogo alipelekwa kukaa kwa ndugu ili asome, na kwamba katika nyumba ile watoto wa mwenye nyumba walipakuliwa chakula kikitoka jikoni, yeye akapewa kilichobaki, mara nyingi asubuhi ya pili, kikiwa kimelala na kulowa. Hakulalamika alipokuwa akisimulia, na alikuwa akifuta sahani huku akisimulia. Lakini aliongeza kwamba siku atakapokuwa na meza yake mwenyewe, hakuna mtu atakayekaa hapo akapewa kitu cha jana. Na kweli, nyote mliowahi kula kwake mnajua kwamba hutoka jikoni wa mwisho, jasho likimtiririka, sufuria ikiwa bado inatoa mvuke.

Sikubadilisha mawazo kuhusu biskuti. Bado nasema kwamba kitindamlo cha matabaka kisicholala ni vitu kadhaa vilivyokutana ndani ya bakuli moja bila kufahamiana. Lakini sasa ninapoyarudia maneno yake sisikii tena dharau iliyokuwa imenikaa kooni. Namwona mtu aliyeonja biskuti iliyolowa mbele ya wageni wa familia yake na akaogopa kwa niaba yao, hata kama hofu yake ilitoka kwa ukali uliofika kwangu. Mume wangu, niliyemsomea aya hii, amesema kwamba dada yake hajawahi kumwambia habari hiyo, na amekaa kimya muda mrefu kidogo, kwa hiyo nimemwomba asimwambie kwamba nimeiandika.

Jumamosi hii ni sherehe ya wifi mwenyewe, ya kupandishwa cheo, na mama mkwe amekwisha niagiza kitindamlo kile kile bila kusubiri maoni ya mtu. Matabaka ya chini nitayalaza kama kawaida, hilo sitaliachia. Juu, hata hivyo, nitaacha nafasi, na nitakwenda na biskuti nzima ndani ya kopo lililofungwa vizuri ili nizivunje mezani vipande vikubwa wakati wa kupakua, zikiwa kavu na zenye mlio. Baadhi nitazipaka chokoleti iliyoyeyushwa, kwa sababu mafuta yaliyomo huzuia unyevu usipenye haraka, na waliochelewa kula nao wapate kusikia mlio. Chokoleti hiyo nitaiyeyusha kwa uangalifu mkubwa juu ya maji yasiyochemka, bakuli likiwa kavu kabisa, maana tone moja tu la maji linatosha kuifanya igande madonge. Biskuti ya kwanza nitaivunja kwenye sahani ya wifi. Sijui kama nitasema chochote, na pengine si lazima.

Linalonisumbua usiku huu ni jokofu. Nimeweka kipimajoto ndani tangu jana, kwa kuwa maziwa yalionyesha dalili ya kuchacha kabla ya siku yake, na kinasoma nyuzijoto 9 wakati ninavyojua pudingi yenye maziwa na mayai inapaswa kukaa chini ya 5. Mpira wa mlango umelegea upande wa bawaba, karatasi niliyoibana hapo inatoka bila kuvutwa, na fundi amesema hawezi kufika kabla ya Jumatatu. Jirani wa juu ana jokofu kubwa lakini amesafiri na ufunguo ameondoka nao, la mama mkwe limejaa nyama ya sherehe hiyo hiyo, na bakuli langu la kioo haliingii kwenye rafu yoyote bila kutoa rafu ya juu yake. Pengine nitalazimika kugawa kila kitu katika vikombe vidogo na kuvipeleka usiku katika nyumba mbili tofauti, na bado sijapata idadi kamili ya wageni kutoka kwa yeyote ninayemuuliza.