Miaka 15 bila katiba

Kila Januari, sherehe za Mapinduzi zinapofika, hunijia swali ambalo gwaride haliligusi: Zanzibar iliendeshwaje kati ya 1964 na 1979, ilipokuwa haina katiba yake?

Katiba ya uhuru, iliyomweka Sultani kuwa mkuu wa nchi, ilidumu siku 33 tu, kuanzia tarehe 10 Desemba 1963 hadi 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi yaliyomwondoa Sultani. Wengi hawakuililia, na sababu si ngumu kuiona. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP (Afro-Shirazi Party), kilichokuja kushika madaraka baada ya Mapinduzi, kilipata kura zipatazo asilimia 54, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa hiyo serikali ikaundwa na wapinzani wake, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party).

Serikali ya Mapinduzi haikudai kwamba ingetawala bila katiba daima. Mwaka huohuo wa 1964 ilitoa amri iliyoahidi kuitishwa kwa baraza la kutunga katiba ndani ya mwaka mmoja. Baraza hilo halikuitishwa. Kwa muda wote huo Baraza la Mapinduzi, chombo kikuu cha utawala, lilitunga sheria kwa njia ya amri na kuzitekeleza lenyewe, na kuanzia 1970 zikawepo Mahakama za Wananchi, ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Kwa maoni yangu, katiba halisi ya Zanzibar ya miaka ile ni amri zile za mpito, kwa kuwa ndizo zilizowazoesha watawala na watawaliwa namna ya kuishi pamoja. Na mazoea ya miaka 15 hayafutwi kwa kuchapisha kijitabu kipya.

Katiba ilipokuja mwaka 1979, wakati wa Rais wa Zanzibar Mzee Aboud Jumbe, ilipitishwa na Baraza la Mapinduzi lenyewe, yaani mwenye madaraka ndiye aliyejipimia mipaka. Hata hivyo sitaki kuidharau, kwani ndiyo iliyozaa Baraza la Wawakilishi, lililoanza vikao vyake Januari 1980, na ni baraza hilo lililopitisha katiba ya 1984, ambayo ndani yake haki za raia ziliandikwa na kupewa ulinzi wa mahakama. Katiba hiyo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo tuliyo nayo hadi leo.

Wananchi wenyewe waliulizwa jambo la kikatiba tarehe 31 Julai 2010, waliposema ndiyo kwa asilimia 66.4 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Marekebisho yaliyofuata yaliingiza kifungu cha 80A, kinachotaka baadhi ya vifungu visibadilishwe bila kura ya maoni. Kifungu hicho chenyewe, kwa kuwa hakikuwa sehemu ya swali la Julai, kilipitishwa na wawakilishi peke yao.