Mchungaji wa Mfalme Edipode

Binti yangu anasoma tamthilia za Kigiriki, na jana usiku kaniuliza: "Baba, kama utabiri kwamba atamuua baba yake ulishatoka kabla hata hajazaliwa, Edipode alikosa nini?" Usingizi ukaniruka.

Tulipokuwa kidato cha tano tuliigiza *Mfalme Edipode*, ile tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1971. Nilipewa nafasi ya mzee mchunga mifugo wa mji wa Thebes. Maneno yake ni machache, ila ndiyo yanayomaliza kila kitu.

Ninachokikumbuka ni mikono yangu kupindwa mgongoni. Mfalme kaamuru nipindwe mpaka niseme, na wale wenzangu walipinda kwelikweli. Jasho likinichoma macho, majivu tuliyojipaka nywelani tuwe na mvi yakinishukia midomoni. Mtoto yule nilimpata wapi? Nikanyamaza. Mara mpishi wetu akapaza sauti kutoka mlango wa jikoni: "Mzee, usiseme!" Hakuna aliyecheka. Bwalo zima lilitaka ninyamaze. Nikasema: niliagizwa nimuue kwa sababu ya utabiri, nikamhurumia, nikampa mgeni aende naye mbali. Mtoto huyo ndiye mfalme mwenyewe.

Baadaye mwalimu alishikilia kwamba kosa la Edipode ni hasira tu: mtu aliyekwisha kuonywa kuwa atamuua baba yake, anawezaje kumuua njia panda mzee asiyemjua? Wanafunzi wengi wakajibu kwamba lililoandikwa halifutiki. Mimi sikuridhika na upande wowote, na hadi leo sijaridhika. Hasira yake naiona. Lakini kule kung'ang'ania kuuliza, huku mkewe Jocasta akimsihi aache, kulianzia kwenye tauni iliyokuwa ikiwamaliza watu wake. Kasoro gani hiyo? Alikuwa mfalme, watu wanakufa. Na huruma ya mchungaji je? Bila huruma hiyo kitoto kile, kilichotobolewa vifundo vya miguu, kingefia mlima Cithaeron, na Laius, baba yake, asingeuawa na mwanawe. Sophocles, mtunzi wa tamthilia hiyo, aliiweka pale zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na katika mabishano yetu yote siku ile hakuna aliyeitaja.

Asubuhi, kwenye foleni ya uji, mpishi akanishika mkono.

"Mwanangu, kwa nini hukumwacha kulekule mlimani?"

"Nilimhurumia, mzee."

Akafikiri kidogo, upawa mkononi, foleni ikinung'unika nyuma yangu.

"Hata mimi ningemchukua," akasema.