Siku moja mgodini: kuhesabu popo bila kuwaamsha

Saa 11 alfajiri. Simu ya mama ndiyo inayoniamsha. Kwake Tanga ni saa 7 mchana, ameshakula na anataka kusikia sauti yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena kwa popo wako?"

Leo tena. Nje ya dirisha langu hapa Burlington, jimbo la Vermont, kipimajoto kinasoma nyuzi 16 chini ya sifuri. Mama anawajua popo wa mapango ya Amboni, wanaotoka kila jioni mwaka mzima kutafuta chakula. Popo wadogo wa kahawia wa huku hula wadudu, na majira ya baridi wadudu hakuna. Basi hujinenepesha kabla theluji haijaanguka, kisha hujificha mapangoni na kwenye migodi iliyoachwa, walale mpaka Aprili au Mei. Popo mzima ana gramu 8 hivi, na mafuta anayoingia nayo ni gramu mbili tatu tu. Ndiyo posho yake ya miezi sita.

Saa 1 asubuhi. Tuko barabarani kuelekea kusini, mimi na mwenzangu, mama wa makamo aliyeifanya kazi hii kabla sijafika Marekani. Safari nzima leo alikuwa akinihadithia majira ya baridi ya 2008, ugonjwa wa popo uitwao pua nyeupe ulipoingia Vermont. Mwanzo wake ni jimbo jirani la New York: picha iliyopigwa Februari 2006 katika pango la Howes, karibu na Albany, ilionyesha popo wenye unga mweupe puani. Mwaka uliofuata watu wakaanza kuona popo wakiruka mchana kweupe kwenye theluji, wakidondoka. Halafu zamu ya huku. Kwenye pango la Aeolus, lililokuwa likilaza popo wengi kuliko pango lolote la New England, majimbo haya ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, anasema alishindwa kupata pa kuweka mguu bila kukanyaga mzoga. Akanyamaza mpaka tulipoiacha barabara kuu.

Saa 3 na nusu. Tunapanda mlima kwa viatu vya theluji kufika kwenye mgodi wa zamani wa shaba. Jina lake silitaji. Watu wakijua mahali watakuja kutazama, na kila mgeni ni hatari. Mita chache kabla ya mlango nikamwona popo mmoja juu ya theluji, mbawa zimefunguka, amekauka. Nilimwokota kwa glavu nikamtia kwenye mfuko wa maabara. Hana uzito kabisa. Huyu alitoka usiku kutafuta chakula Februari, na hakuna njaa ninayoijua inayonihuzunisha kuliko hiyo.

Saa 4 na robo. Tunavaa ovaroli safi, kofia ngumu na tochi za kichwani zenye mwanga mwekundu, tunafungua geti la vyuma na kuingia. Kuanzia hapa hatuongei. Ndani ni nyuzi 5, maji yanadondoka, na hewa imejaa unyevu. Kuvu inayoua popo, ule unga mweupe wa puani, inapapenda mahali kama hapa. Hustawi penye ubaridi na hukoma kukua joto likikaribia nyuzi 20, ndiyo maana popo wa kiangazi, mwenye mwili moto, haiwezi kumla. Popo aliyelala mwili wake una ubaridi wa jiwe analoning'inia, moyo umepungua kutoka mamia ya mapigo kwa dakika hadi machache, na kinga yake ya mwili imelala pamoja naye. Kuvu inamkuta hivyo.

Inamwingia kwenye ngozi ya mbawa. Ngozi ile ndiyo inayomhifadhia maji na chumvi za mwili, ikitobolewa anakauka, damu inachafuka, naye anaamka. Popo mzima huamka pia, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa muda mfupi. Lakini kujipasha moto kutoka nyuzi 5 hadi kufikia 35 na zaidi ni gharama kubwa: sehemu kubwa ya mafuta ya majira yote huishia kwenye kuamka huko. Mgonjwa huamka mara nyingi zaidi, na posho inakwisha Februari badala ya Aprili.

Kwenye ukuta wa kushoto kulikuwa na kundi la popo 19, wameshikana, matone ya maji yakimeta kwenye manyoya yao kama shanga. Nilipiga picha mbili. Pembeni yao mmoja peke yake, ana bangili ndogo ya alumini kwenye mkono. Nikaikuza kwenye kamera, nikasoma namba.

Halafu wa mwisho kwenye kundi akaanza kutetemeka.

Mwenzangu alinigusa bega, tukarudi nyuma taratibu, tochi zimezimwa. Huenda zamu yake ya kuamka ilikuwa imefika, huenda ni joto la miili yetu. Sikuweza kujua, na hilo limenikaa rohoni siku nzima, kwa sababu nusu saa ya mtetemeko ule ni mafuta aliyokuwa ameyawekea Aprili. Ndiyo maana hatuji hapa kila mwaka, wala hatukai. Dakika 40, tukatoka.

Saa 5 asubuhi. Nguo zote zinafungwa kwenye mifuko mlangoni pale pale. Zitalowekwa kwenye maji ya moto yasiyopungua nyuzi 55 kwa dakika 20, na buti zitasuguliwa udongo wote. Mbegu za kuvu hukaa kwenye udongo miaka hata popo wakiisha. Ulaya na Asia kuvu hii imekuwepo tangu zamani na popo wa huko wanaivumilia. Inaaminika ilivuka bahari kwa viatu au vifaa vya mtu. Mimi nami nimevuka bahari. Nasugua buti zangu mara mbili.

Saa 10 jioni, ofisini. Kila mmoja anahesabu picha peke yake, ndipo tunalinganisha. Ndugu zao wenye masikio marefu, waliotajwa rasmi kuwa hatarini kutoweka mwaka 2022, sikumwona hata mmoja.

Saa 1 usiku. Jirani yangu, mama wa Uvira, Kongo, ameniletea sombe, kisamvu chao. "Dada, ugonjwa huo hautatuambukiza?" Hapana mama, miili yetu ina joto mno. Akafurahi, akaniuliza kama popo watapona. Nikamwambia kuna wanaobaki, na wengi wao huingia usingizini wakiwa wanene zaidi kuliko wa zamani.

Saa 3 usiku. Nimeifungua daftari ya bangili. Namba ile ni ya jike, alivalishwa akiwa mtu mzima mwaka 2013, mgodi huu huu. Juni, akifika, atazaa mtoto mmoja.