Straipa mkubwa humpati kwa fimbo ya bei, unampata kwa kuyajua maji yake

Wadau, habari zenu. Kuna swali naulizwa sana inboksi, eti natumia fimbo gani na rili gani kuvua wale straipa (striped bass) wakubwa ninaowaposti kutoka huku Tennessee, Marekani. Jibu langu ni lile lile, fimbo yoyote nzito yenye mshipi wa paundi 30 hivi na breki ya rili isiyokwamakwama inatosha kabisa, shughuli yote ipo kwenye maji. Straipa mdogo unaweza kumkuta popote ziwani, ila jitu la paundi 40 kwenda juu lina masharti yake, na ukishayajua hayo masharti nusu ya kazi imeisha kabla hujashusha boti.

Huyu samaki kwa asili ni wa bahari, anaishi pwani ya mashariki ya Marekani na kupanda mitoni majira ya machipuko ili atage, halafu anarudi zake baharini. Huku bara alifikaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1940 kule South Carolina walijenga mabwawa ya Santee na Cooper, kuna straipa wakafungiwa juu ya kuta, na badala ya kufa wakaendelea kunenepa na kuzaliana humo humo kwenye maji yasiyo na chumvi. Baadaye wataalamu wakajifunza kuwatotolesha na majimbo mengi yakaanza kumwaga vifaranga kwenye mabwawa yao. Kumwaga huko bado kunaendelea maana mayai ya straipa yanataka kuelea kwenye mkondo kama siku mbili mpaka yaanguliwe, mto ukiwa mfupi mayai yanafika kwenye maji yaliyotulia, yanazama topeni na mchezo unaishia hapo. Ndiyo maana Ziwa Texoma, mpakani mwa Texas na Oklahoma, linajizalishia straipa wake lenyewe, lina mto Red na mto Washita inayoliingilia kwa urefu wa kutosha, wakati mabwawa mengi mengine bila vifaranga vya serikali hakuna samaki.

Sasa tuje kwenye sharti lenyewe. Straipa mdogo anavumilia joto vizuri tu lakini akishakuwa mkubwa hataki, anatafuta maji ya nyuzi 20 hivi za selsiasi, na yakivuka 25 anaanza kuteseka. Kiangazi bwawa linajipanga kwa tabaka, juu kuna joto na hewa ya kutosha, chini kuna ubaridi lakini oksijeni inazidi kupungua kila wiki. Kwa hiyo samaki mkubwa anabanwa katikati, akipanda anaungua, akishuka anakosa pumzi. Kuna mwanasayansi anaitwa Charles Coutant wa maabara ya Oak Ridge, hapa hapa Tennessee, yeye na wenzake waliwafunga straipa vifaa vya kupeleka taarifa za joto, wakaona wakubwa wanakusanyika kwenye vijisehemu vidogo vya maji ya baridi na kukaa humo kiangazi kizima, na mwaka 1985 akachapisha hoja yake kuhusu huo mbano wa joto na oksijeni. Mimi nikisoma ile kitu naona ni ramani ya mvuvi kabisa. Mwezi wa saba usizunguke ziwa zima, tafuta palipo na ubaridi na hewa kwa pamoja, basi.

Na huku kwetu pahala penyewe ni mto Clinch, kuanzia chini ya bwawa la Norris kushuka mpaka bwawa la Melton Hill. Norris wanafungulia maji kutoka chini kabisa, yanatoka ya baridi hata Agosti, ndiyo maana asubuhi mto wote unafunikwa na ukungu wakati nje kuna joto la kufa mtu. Straipa wa Melton Hill wanapanda juu kuyafuata hayo maji. Lakini hawali muda wote! Mitambo ya umeme ikiwa imezimwa mto unalala na samaki wanatawanyika, ikiwashwa mkondo unaanza kusukuma shadi, yaani wale samaki wanaoliwa na straipa, na straipa nao wanajipanga nyuma ya mawe na kwenye ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na yaliyotulia. Ratiba ya mitambo TVA, shirika la umeme linaloendesha mabwawa haya, wanaitoa kwenye app yao, mimi naangalia hiyo kabla hata ya kuangalia mvua. Tafadhali, ukienda karibu na ukuta vaa jaketi la kuelea, maji yanapanda haraka kuliko unavyofikiria na nanga ikinasa kwenye mkondo ule inaweza kuvuta pua ya boti chini.

Chambo hapo sina mjadala, ni shadi mzima, aliye hai, mkubwa, wa sentimita 25 mpaka 30. Watu wanaogopa shadi wa ukubwa huo, wanaona atakuwa mzito kwa samaki, jamani straipa wa paundi 40 anammeza kwa pigo moja. Nawavua alfajiri kwa kimia sehemu za maji ya kina kifupi, halafu hapo ndipo kazi ya kweli inaanza, kuwatunza. Tangi lazima liwe la mviringo maana shadi haachi kuogelea, ukimweka kwenye lenye kona anajigonga na kujigonga mpaka pua inavimba nyekundu na huyo tayari ni maiti anayetembea. Pampu ya hewa isizimwe, chumvi kidogo ndani, na maji yabadilishwe ukiona povu limejikusanya juu pamoja na magamba, lile povu ni ute wao na uchafu wao na likizidi utawapoteza wote ndani ya nusu saa. Nimeshavua na watu wenye boti za gharama ambao chambo chao kilikuwa kinaelea ubavu ubavu na hawakuguswa siku nzima, wakati jirani yao kwenye kiboti cha bati alikuwa na shadi sita tu lakini wakali, akapata.

Ndoano natumia ile ya mviringo, namchoma shadi puani, namwachia nyuma ya kibao kinachoelea kinachompeleka mbali pembeni mwa boti, kisha natumia mota ya umeme kupanda mkondo polepole sana. Straipa akimkaribia, shadi anakuambia mwenyewe. Kibao kinaanza kutetemeka, shadi anapanda juu anakimbia mbele na nyuma, anaruka, na wewe moyo unakwenda mbio lakini mikono iache kwenye magoti. Ukivuta kwa nguvu na ndoano ya mviringo unamtoa samaki mdomoni, subiri fimbo iiname mpaka kwenye maji na rili ianze kulia yenyewe, ndipo uichukue kwenye kishikilio uanze kuzungusha taratibu. Mbio zake za kwanza usizizuie, mwache aende zake, mwenye mshipi wa kutosha hana haja ya kushindana naye pale.

Wakubwa hao karibu wote ni majike, na wengine wamekaa majini zaidi ya miaka 20, ndiyo maana naongea sana kuhusu kuwarudisha. Maji yakiwa ya baridi inawezekana vizuri, mmalize haraka, tumia neti ya mpira, mshike kwa mlalo mkono mmoja chini ya tumbo, picha moja, arudi. Ila kiangazi ukimtoa kwenye kale kasehemu kake ka ubaridi ukampigisha vita kwenye maji ya nyuzi 27, ataondoka anaogelea vizuri kabisa mbele ya macho yako halafu atakufa baadaye chini huko usipoona. Kwa hiyo ziwani kiangazi kukamata na kuachia kumi ili upate picha hakuna maana yoyote, ni kuua kumi. Chukua wako kama sheria ya jimbo inaruhusu ukubwa huo, upeleke nyumbani, na ufunge kazi. Nikiwaona wanaoendelea inaniuma kweli.

Baridi mambo yanageuka. Shadi wadogo wanakufa maji yakipoa sana, kwa hiyo samaki wote wanakimbilia popote penye joto. Rekodi ya dunia ya straipa aliyefungiwa bara aliipata James Bramlett kwenye mto Black Warrior, Alabama, Februari 2013, paundi 69 na aunsi 9, na ilikuwa karibu na mtambo wa makaa ya mawe wa Gorgas uliokuwa ukimwaga maji ya moto mtoni. Zaidi ya kilo 31! Sisi tulikuwa na mtambo wetu wa makaa ya mawe wa Bull Run, pale Melton Hill, watu walikuwa wanapanga foleni ya boti Januari kwenye yale maji ya uvuguvugu. Mtambo ulifungwa mwishoni mwa 2023. Kwa hewa tunayovuta ni jambo zuri, sitabisha, lakini uvuvi wa baridi hapo inabidi tuujifunze upya. Ninachofanya sasa ni kufuata shakwe, wakianza kujitupa majini ujue kuna shadi wanasukumwa kutoka chini, na mchana wa jua naingia kwenye midomo ya vijito upande unaopigwa na jua muda mrefu, naangalia skrini ya sona, hata tofauti ya digrii moja inatosha kuwafanya wasimame hapo.