Pima Mia Nane

Utotoni kwetu Handeni visima vilikuwa virefu na maji yake haba. Wakubwa wakienda shamba, nilikuwa nadondosha kokoto kisimani na kuhesabu mpaka nisikie mlio. Bibi alinikataza kwa kuogopa nisije nikatumbukia. Lakini sikuwa na raha nyingine ya kushinda ule muda kati ya jiwe kuniponyoka na sauti kurudi. Humo niliweka majoka, miji mizima, na watu wanaotembea kichwa chini miguu juu.

Sasa nina miaka 44. Kwa miaka 17 nimefundisha jiografia sekondari, na kila mwaka nimeandika ubaoni: Ziwa Tanganyika, urefu kilomita 673, kina mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Nafuta, nahamia darasa jingine, naandika tena. Sikuwa na msiba wala deni la kunikosesha usingizi. Ila nilikuwa naamka kama kibarua anayemalizia kazi ya mtu mwingine.

Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe umeliona?"

Nikamwambia sijaliona.

"Sasa unajuaje?"

Nikajibu kwamba imeandikwa kitabuni. Akakaa. Vile alivyokaa, taratibu, macho kwenye daftari, viliniuma kuliko swali lenyewe. Ni mimi niliyemkalisha.

Likizo ya Juni nikaenda Dar es Salaam kukata tiketi ya Kigoma. Wenzangu walinishauri nipande treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi. Nikakataa. Nilitaka reli ile ya zamani, ya pole pole, niisikie nchi ilivyo ndefu. Wajerumani waliianza mwaka 1905 na ikafika Kigoma 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, ile iliyowaleta watu na pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Hilo nalo nimelifundisha. Usiku wa pili, mgongo ukiwa umekufa ganzi na dirishani bado ni pori tu, niliwaza wale waliotembea umbali huu wakiwa shingo zao zimefungwa, na kwa mara ya kwanza nilishindwa kuendelea kuwaza.

Morogoro na Kilosa zilipita nikisinzia. Saranda abiria wote waliamka kwa ajili ya kuku. Itigi ni vichaka, vichaka, vichaka. Tabora mabehewa yakapangwa upya, ya Mwanza na ya Mpanda yakaachana na yetu, tukangoja sana. Hapo akapanda mama mmoja wa Kasulu na madumu yake ya asali.

"Unamfuata nani Kigoma, baba?"

"Nafuata ziwa, mama."

Nilidhani atacheka. Akafikiri kidogo. "Basi ukifika, nawa uso kwanza, ndipo utazame."

Tukavuka Malagarasi, tukapita Uvinza kwenye chumvi, na ziwa likatokea chini ya mji. Niliteremka, nikaenda ufukweni, nikanawa uso, nikatazama. Maji ya buluu, milima ya Kongo kwa mbali kama moshi. Na sikuhisi chochote! Kilomita 673, kichwa kikasema. Mita 1,470. Nilikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa mpaka jua likazama, na nakiri nilikaribia kulia, kwa sababu niliamini kwamba kile kitu cha kisimani utotoni kimekufa kweli na nimesafiri siku mbili kuja kukizika.

Kesho yake Kibirizi, kati ya dagaa walioanikwa, mzee mmoja mvuvi alikubali kunichukua. Ilikuwa siku za giza. Mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa. Zamani, alisema, walitumia karabai, siku hizi ni taa za betri. Tulitoka jioni na mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, wavu katikati. Usiku ulipoingia, ziwa lote likawa na taa, nisijue ipi ni ya mvuvi na ipi ni nyota.

"Mwalimu," mzee akauliza, "pale penye kina kabisa pana pima ngapi?"

Nikamwambia mita 1,470.

"Nimeuliza pima."

Nikapiga hesabu kwenye simu, pima moja ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Pima mia nane. Akanyamaza. Kisha akanyoosha mikono yake miwili pale gizani, akautazama wa kulia, akautazama wa kushoto. "Mimi nashusha wavu hapa tangu ujana wangu," akasema. "Kumbe najua pima hamsini tu za juu."

Akataka kujua kama huko chini samaki wapo. Nikamweleza kwamba hewa haifiki. Ukipita mita 200 hivi samaki hawezi kuishi, na maji ya huko hukaa miaka na miaka bila kupanda juu. Kwamba sakafu ya ziwa iko zaidi ya mita 600 chini ya usawa wa bahari. Niliyasema hayo nimekaa juu yake, na sauti yangu ikatetemeka. Nikashika ubao wa mtumbwi.

Mzee akanipa jiwe moja. "Tupa."

Nikalidondosha, nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nimepita mia tatu walipopiga kelele kuinua wavu.

Shule ilipofunguliwa nilikuja na kamba ya pima kumi. Kidato cha pili tukaanza kupima kutoka mlingoti wa bendera: tukashuka na barabara, tukavuka daraja, tukapanda mlima wa pili. Ilipotimia mara themanini tulikuwa tumefika mashine ya kusaga. Yule binti akabaki kule na debe, chuma na kitambaa chekundu. Sisi tukarudi mlingotini. Akapunga kitambaa na kupiga, tukamwona kadogo kama sisimizi, darasa zima likahesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Ndipo mlio ukafika.