Alama ya kijani ya Alhamisi

Lubumbashi, Jumapili jioni. Mijakaranda ya mtaa wetu imeanza kuchanua, mvua bado haijafika, na vumbi jekundu limetanda hata juu ya kibodi. Tangu saa kumi nimekaa barazani nikisoma tena faili moja isiyofika mistari tisini, ile inayouelekeza mfumo wetu wa kujenga programu ni kazi ipi ifanyike, wakati gani na kwa sharti gani. Nataka kuandika yaliyotokea wiki hii yangali mabichi.

Programu yetu hutumiwa na maduka machache ya dawa ya hapa mjini kuhesabu akiba na kupanga bei. Kwa kuwa kwetu mteja anaweza kulipa kwa dola na kurudishiwa chenji kwa faranga, hesabu ya kubadilisha fedha ndiyo inayobeba mengine yote, na msimbo wake tuliuweka katika folda ya pamoja. Majaribio kamili, yaani ukaguzi wa moja kwa moja kwamba msimbo unatoa majibu sahihi, huchukua dakika kumi na moja. Tunatumia GitHub Actions, huduma ya mtandaoni inayotufanyia kazi hizo kwenye kompyuta zake, kwa mpango wa bure, ambao kwa hazina ya faragha (ghala la msimbo lisilo wazi kwa umma) hutoa dakika 2,000 kwa mwezi, na kila kazi huhesabiwa kwa dakika nzima hata ikiisha ndani ya sekunde ishirini. Mwezi wa saba dakika zilituishia tarehe 23. Ndipo nilipoweka sharti kwamba majaribio ya bei yafanyike tu iwapo kuna faili iliyobadilika ndani ya folda ya bei, na kwa wiki tano sharti hilo lilitufaa.

Jumatano usiku mwenzangu alirekebisha, katika folda ya pamoja, namna ya kuondoa senti kwenye hesabu ya faranga. Folda ya bei haikuguswa. Sharti likajibu hapana, majaribio yakarukwa, ukurasa haukuonyesha kizuizi chochote, na tawi lake, yaani nakala aliyoifanyia marekebisho, likaunganishwa na msimbo mkuu. Alhamisi asubuhi mama mmoja mwenye duka katika komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, alinipigia simu.

“Mwanangu, hii dawa jana ilikuwa faranga 14,000. Leo mashine inaniambia 140. Niuze?”

Nilimwomba radhi na kumsihi aandike kwa mkono hadi mchana. Alitoa daftari lake la zamani, na kazi ilipotengemaa alinisomea mauzo yake mstari kwa mstari ili niyaingize.

Niliporudi kwenye nyaraka za GitHub nilikuta jambo lenyewe limeelezwa bila kificho. Kazi inayorukwa kwa sababu ya sharti lake huripotiwa kuwa imefaulu, hata kama tumeiweka kuwa ya lazima kabla ya kuunganisha tawi. Lakini mtiririko mzima, yaani kazi zote za faili ile, ukizuiwa na kichujio cha folda kinachoandikwa juu kabisa ya faili, ukaguzi hubaki ukisubiri, na tawi haliunganishwi. Kusudi ni moja, ila mahali sharti lilipoandikwa panageuza jibu. Sentinele asiyefika zamu hatumwandikii kwamba usiku ulipita salama. Mimi niliruhusu kitabu chetu kiandikwe hivyo kwa wiki tano.

Kuruka kazi ni wazo la zamani. Make, programu ya kujenga programu nyingine iliyoandikwa na Stuart Feldman huko Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1976, hulinganisha wakati wa faili za chanzo na wakati wa faili iliyozalishwa, kisha huruka kazi pale tu zao linapokuwapo tayari na halijapitwa na chanzo chochote kilichotajwa. Ninaliheshimu sana neno hilo, kilichotajwa. Make inaporuka, zao lipo na linaweza kuonyeshwa. Majaribio yangu yaliporukwa hapakuwa na kitu cha kuonyesha, na chanzo kikubwa kuliko vyote sikukitaja.

Kuitaja folda ya pamoja kulinichukua dakika tano siku ya Ijumaa. Kilichonishikilia hadi usiku ni mlango, yaani kazi ya mwisho inayosubiri nyingine zote na ambayo peke yake ndiyo ya lazima. Niliharibu jaribio moja makusudi ili niuone ukifungwa. Haukufungwa. Kazi inayotegemea nyingine ina sharti lisiloandikwa, kwamba zote zilizotangulia zifaulu. Jaribio liliposhindwa, mlango wenyewe ulirukwa, na kwa kuwa umerukwa ukahesabiwa kuwa umefaulu. Ilinibidi kuuandikia always(), ufanyike vyovyote iwavyo, kisha usome matokeo ya kila kazi: imefaulu, imeshindwa, imesitishwa au imerukwa. Kurukwa sasa kunakubaliwa tu ikiwa kazi inayochunguza folda imefaulu na imejibu wazi kwamba hakuna kilichobadilika. Jibu hilo nalo hupita kutoka kazi hadi kazi kama maandishi, na maandishi yasiyo matupu, hata yakisema “false”, huchukuliwa kuwa kweli. Kwa hiyo lazima yalinganishwe neno kwa neno.

Kwenye hatua ya kupeleka programu kwenye seva, always() siitaki kabisa, kwa sababu huendelea hata baada ya mtu kusitisha kazi kwa mkono wake.

Leo umeme ulikatika saa nane na kurudi saa kumi na moja. Nimeharibu jaribio la senti mara tatu, kila mara kwa njia tofauti, na mara zote tatu mlango umekuwa mwekundu. Kesho asubuhi nitapita Kenya kabla ya ofisi, tukae na mama yule, tulinganishe daftari lake na mashine tangu Alhamisi.