Mashine inanguruma, boti haiendi: kuchunguza propela ya mashine ndogo inayofungwa nyuma ya boti

Ukimwambia fundi kwamba "boti imepoteza nguvu", hujamwambia kitu. Kabla hujashika spana, sikiliza injini na uangalie boti, kila kimoja peke yake. Injini ikipanda sauti huku mwendo umebaki palepale, nguvu ipo ila inapotea kati ya shafti na maji, na hapo ndipo pa kutafuta kwenye propela. Injini na mwendo vikishuka pamoja, injini imeelemewa au yenyewe ni dhaifu. Boti ikitetemeka, kuna kitu kimepinda, kimekatika au kimejiviringisha. Kabureta nyingi hufunguliwa bure kwa sababu mtu aliruka hatua hii.

Usalama kwanza. Zima injini, chomoa ile kamba ya kuzimia, weka gia fri, kisha vuta vifuniko vya plagi. Ukizungusha propela kwa mkono gia ikiwa imeingia, unazungusha na injini yenyewe, na injini inaweza kuwaka mkono wako ukiwa katikati ya mapanga, yaani mabawa ya propela.

Tuanze na injini inayopanda sauti bila kazi. Kama boti haisogei hata kidogo, na mashine ni ndogo sana, ya farasi 2 hadi 5 hivi, mtuhumiwa wa kwanza ni pini. Mashine nyingi za ukubwa huo huzungusha propela kwa pini iliyopita katikati ya shafti, na pini hiyo imetengenezwa ikatike propela ikigonga jiwe ili gia zisivunjike. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache: toa kotapini (pini nyembamba ya kukunja ncha inayozuia kofia au nati isifunguke), toa kofia ya propela, vuta propela, sukuma vipande vya pini nje, ingiza mpya. Kosa kubwa hapa ni kuweka msumari au kipande cha bolti ngumu. Kitakufikisha nyumbani, lakini siku ya jiwe la pili kitakachokatika si pini tena, ni meno ya gia. Beba pini mbili tatu za saizi ileile, pamoja na kotapini zake. Kama pini zinakatika ovyo bila kugonga kitu, angalia kama tundu la shafti limepanuka, kama pini ni laini kuliko inayotakiwa, au kama kuna mtu anaingiza gia injini ikiwa juu.

Mashine kubwa kidogo hazina pini. Propela hukaa kwenye meno ya shafti, na ndani ya kitovu chake kuna raba iliyoshindiliwa kati ya bomba la ndani na kitovu cha nje. Raba hiyo ikichoka au ikiungua, huanza kuteleza. Dalili yake inajulikana: mwendo wa polepole ni mzuri kabisa, unaondoka gatini bila shida, lakini ukivuta mafuta injini inalia juu na boti inakataa. Ukipunguza, inashika tena. Propela ikitazamwa kwa macho haina kasoro, na ndiyo maana tatizo hili huwazungusha watu muda mrefu.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Kausha nyuma ya kitovu, kisha chora mstari mmoja kwa rangi au kalamu isiyofutika kutoka bomba la ndani, juu ya raba, hadi kitovu cha nje. Nenda majini, vuta mafuta mpaka tatizo litokee, rudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika na vipande vyake havitazamani, raba imeteleza. Dawa ni kubadilisha raba kwa mashine ya kushindilia, au kununua propela nyingine pale raba inapokaribia bei ya propela ya aluminiamu. Ukiwa mbali na nchi kavu, rudi kwa mwendo mdogo. Kulazimisha kunaichoma raba iliyobaki.

Mstari ukiwa mzima, usiifukuze raba tena. Kama ulisikia mlio wa kugonga wa "ka-ka-ka" na boti ikaruka kwa vishindo, gia haishiki vizuri: ama waya wa gia umelegea na gia haiingii mpaka mwisho, ama meno ya klachi yamelika. Hiyo ni kazi ya giaboksi.

Kama hakuna mlio huo, propela inakula hewa. Hii hutokea ghafla, hasa kwenye kona au wimbi likipita nyuma: injini inapaa, povu linajaa, na ukipunguza mafuta kidogo mambo yanarudi. Angalia lile bamba bapa lililo juu ya propela. Kwenye boti ndogo ya kawaida linatakiwa liwe sawa na sehemu ya chini ya boti, au lishuke chini yake hadi sentimita 2.5 hivi. Likiwa juu zaidi, propela inavuta hewa kutoka usoni mwa maji. Shafti fupi ni ya ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimita 38 hivi, na ndefu ni ya sentimita 51; ukipachika fupi kwenye ubao mrefu, hakuna propela itakayokuokoa. Mashine iliyoinamishwa nje kupita kiasi huleta shida hiyohiyo, na mkuku mnene wa mbao ulio mbele ya propela huiletea maji yenye mapovu. Kwa mashine zinazotoa moshi kupitia kitovu, kagua pia ukingo uliopanuka nyuma ya propela. Ukivunjika, moshi unarudi kwenye mapanga.

Kavitesheni ni jambo jingine, ingawa watu huchanganya. Hapo si hewa inayoingia: shinikizo la maji mgongoni mwa panga linashuka hadi maji yanachemka bila joto, na vipovu vikipasuka vinang'oa chuma. Utaona vishimo vimekusanyika mahali pamoja, mara nyingi nyuma tu ya pengo lililo kwenye ukingo wa mbele wa panga. Vishimo vilivyotapakaa kila mahali ni kutu ya maji ya chumvi. Kagua kipande cha zinki, kile kinachofungwa kwenye mashine ili kiliwe na kutu badala yake.

Mtetemo sasa. Gia ikiwa fri, funga kijiti au waya kwenye mwili wa mashine, ncha yake ikaribie ncha ya panga kwa milimita chache. Zungusha propela kwa mkono na ulinganishe nafasi kwa kila panga, ukipima mahali palepale. Panga moja likiwa mbali au karibu kuliko mengine, limepinda. Kisha vua propela na ufanye hivyohivyo kwenye shafti tupu. Ncha ya shafti ikiyumba, kununua propela mpya ni kutupa pesa, na mtetemo huo utaimaliza sili ya mafuta, ile pete ya raba inayozuia oili kutoka na maji kuingia giaboksi.

Mapengo madogo yalainishe kwa tupa, ukiondoa kidogo iwezekanavyo ili uzito wa mapanga usitofautiane. Ufa kwenye shina la panga haurekebishiki kwa nyundo. Aluminiamu iliyopinda sana ikinyooshwa baridi hupasuka, kama si leo basi katikati ya maji.

Injini nzito isiyopanda ni habari ya vipimo. Propela iliyoandikwa 9¼ × 9 ina kipenyo cha inchi 9¼, na kwa nadharia husonga mbele inchi 9 kila mzunguko, kama skrubu kwenye mbao; hiyo ndiyo hatua yake. Kitabu cha mashine kinasema mizunguko inayotakiwa mafuta yakivutwa mwisho. Kwa injini nyingi ndogo za mipigo minne ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Pima ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Ikiishia 4,500, kwanza angalia ukoga chini ya boti na maji yaliyojaa ndani, halafu injini, ndipo ufikirie propela ya hatua fupi zaidi. Kupunguza inchi 1 huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi.

Ukiwa na kipima mizunguko na GPS ya simu, hesabu mtelezo, yaani mwendo unaopotea kati ya ule wa nadharia na ule halisi. Mizunguko 5,400 na gia ya 2 kwa 1 ni mizunguko 2,700 ya propela. Zidisha kwa hatua ya mita 0.2286 (inchi 9), kisha kwa 60, ugawe kwa 1,000: kilomita 37 kwa saa. GPS ikisoma 30, mtelezo ni asilimia 19, kiasi cha kawaida kwa boti nyepesi inayopanda juu ya maji. Boti nzito huteleza zaidi, kwa hiyo pima propela ikiwa nzima na uandike namba hiyo. Siku itakaporuka ghafla, utajua.

Kila unapovua propela, tazama nyuma ya washa (pete ya chuma) nene iliyo mbele ya kitovu. Mshipi wa nailoni wa kuvulia hujiviringisha hapo na kukata sili. Ukiukuta, legeza skrubu ya chini ya giaboksi: maji yakitangulia kutoka, au oili ikiwa nyeupe kama maziwa, sili imekwisha. Wakati wa kurudisha, paka meno ya shafti grisi isiyooshwa na maji na urudishe washa kwa mpangilio uleule, maana bila ile nene kitovu kitasaga giaboksi. Zuia propela kwa kipande cha ubao kati ya panga na bamba, kaza nati, na tundu la kotapini lisipolingana endelea kukaza mpaka lilingane, usilegeze. Kotapini iwe mpya. Baada ya safari ya kwanza, kagua nati tena.